Ulimi wa Maabara

Benchi lina miguu mitatu na tofali moja. Limeegemezwa kwenye ukuta wa kibanda cha kinyozi, jirani kabisa na duka la mikate, kwa hiyo anayekaa hapo hunusa sabuni ya ndevu na mkate wa moto kwa pamoja, na akishazoea hawezi tena kuvitenganisha. Mama Birika ameweka jiko lake pembeni. Anauza kahawa na kuamua ugomvi. Dereva alistaafu zamani, ila bado hukaa ukingoni mguu wa kulia ukiwa mbele, tayari kukanyaga breki. Redio ana habari zote za dunia na hajawahi kukumbuka alizisikia wapi. Maabara ana kitambi, sauti ndogo, na ulimi ambao habari zake zinakuja. Kinyozi mwenyewe hukaa nao kila akikosa mteja, taulo begani. Asubuhi ile alirudi kutoka kliniki, akawapita bila salamu, akaingia ndani, akatoka tena, akakaa. Redio alikuwa nyuma yake, kimya, na kwa kimya hicho tu wote wakajua kwamba majibu hayakuwa mazuri.

— Imepanda, alisema Kinyozi.

— Nauli? aliuliza Dereva.

— Sukari.

— Imepanda kupitia wapi? Si tuliziba kila njia?

— Nesi kasema imepita hata ile ya mwanzo.

Mama Birika aliacha kukoroga. Maabara aliweka kikombe chini taratibu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na la kujibu.

Maana mambo yalianza hivi. Kinyozi alikuwa na jina mjini kwa mkono wake wa wembe. Angeweza kunyoa kidevu cha bwana harusi huku akisimulia kisa, kisa kikaisha na kidevu kikang'aa, wala bwana harusi asijue lipi limetangulia. Lakini siku za karibuni, akishakula tu chakula cha mchana, macho yanaingia ukungu. Sikio la mteja linakuwa na kingo mbili, na wembe haujui ufuate upi. Siku moja ulifuata usio wenyewe, nao ukalikwaruza sikio la Dereva. Kilikuwa kidonda cha kupuliza tu kikapona, lakini Dereva alikisimulia mpaka watu wakawa wanakuja kulitazama sikio kama lipo. Tangu hapo wateja wanaojuana wananyolewa kabla ya mchana. Anayekuja jioni hupigwa mashine, na akiuliza wembe uko wapi, Kinyozi humwambia umepelekwa kunolewa.

Nesi alimpima akamwambia sukari iko juu, bado si ya kutisha, ila ikiachwa hivyo italeta shida hata kwenye macho. Alimweleza mengi mengine, lakini Kinyozi aliondoka na neno hilo moja. Lilikaa naye kitandani, lilikaa naye kwenye kioo. Aliogopa, na alikuwa mtu mzima, na hakujua mtu mzima anaogopa vipi mbele za watu.

Kijiwe kikaamua kumsaidia. Kwa kuwa sukari ni tamu, walisema, dawa ni kukimbia utamu, na wa kuukamata utamu alikuwepo: Maabara alikuwa mwonjaji katika kiwanda cha biskuti mpaka kilipofungwa, na ulimi wake ulikuwa ukigundua kijiko cha sukari kilichopungua katika pipa zima. Ikapitishwa kwamba hakuna kitu kitakachoingia kinywani mwa Kinyozi bila kupita kwanza kwenye ulimi ule. Kikiwa kitamu, marufuku. Kisipokuwa kitamu, ruhusa.

Maabara aliifanya kazi kwa moyo. Chungwa alilikataa. Karoti aliikataa. Kitunguu kilichokaangwa alikionja mara mbili, akakisikitikia, akakikataa. Mkate mweupe aliupitisha, viazi vya kuchemsha akavipitisha, wali mweupe akaupitisha kwa sifa. Na kwa vile kahawa chungu ni ngumu kunywewa peke yake, kila mtu akawa anamletea Kinyozi kitu kikavu cha kusindikizia, kilichokwisha kupata kibali. Kwa mapenzi yao walimlisha mkate mwingi kuliko alioula maisha yake yote.

— Basi kuna mtu kamlisha kitu pembeni, alisema Maabara. Mimi ulimi wangu naujua.

— Nani amemlisha? Sisi tunashinda naye hapa!

— Nyumbani je?

— Nyumbani mke wangu haweki sukari hata kwenye chai yake mwenyewe, alisema Kinyozi. Kaacha kwa ajili yangu.

— Nesi amesema imetoka wapi? aliuliza Mama Birika. Redio, wewe si ndiye uliyekwenda kusikiliza?

— Nimesikiliza. Kasema kabohaidreti.

— Ndiyo nini?

— Ndiyo hiyo.

— Hiyo ipi?

— Hiyo aliyoisema nesi! Mama Birika, usinihoji kama niliitengeneza mimi.

Kinyozi alijifuta uso kwa taulo la kazi.

— Kasema ni vyakula vya wanga. Mkate, wali, viazi. Kasema wanga ni sukari iliyoshikana mikono. Ukila, tumboni inaachana, inaingia kwenye damu. Ipo inayoachana mbio na ipo inayoachana polepole. Mimi natakiwa nile ya polepole, tena kidogo.

Dereva akacheka.

— Mkate! Mkate una sukari gani? Basi jiwe nalo lina sukari.

— Na chungwa? aliuliza Maabara kwa sauti ya mtu anayejua ataumizwa.

— Chungwa zima karuhusu, mradi nisizidishe. Juisi ndiyo kakataza.

— Chungwa! Nililokukatalia mimi!

— Ndilo hilo.

— Na mkate kakataza?

— Mweupe kasema niuache. Unapanda mbio.

Maabara aligeukia ukuta kwa muda.

— Huyo nesi ni mgeni kazini, aliamua Dereva. Sikilizeni. Mimi nimeendesha magari makubwa. Gari likitumia mafuta mengi, huangalii mafuta, unaangalia matairi. Huyu anasimama siku nzima. Uzito wote uko miguuni. Damu imeshuka chini, sukari imebaki juu peke yake, na wao wanapima kidole, kidole kiko juu. Wangempima kisigino wangeikuta ya kawaida.

— Sasa huo ni ujinga, alisema Redio, aliyekuwa amepata nguvu. Tatizo ni pua. Tumekaa ukutani kwa duka la mikate. Keki zinapikwa humo. Harufu ni nini? Harufu ni keki yenyewe imekuwa nyembamba. Unaivuta, inaingia. Nilisikia mtu alinenepa kwa kulala juu ya hoteli.

— Ulisikia wapi?

— Mahali.

— Kama ni harufu, mwenye duka angekuwa ameshakufa, alisema Mama Birika.

— Mwenyewe keshazoea! Huyu ndiye mgeni wa harufu.

— Ana miaka hapa!

— Basi ni sikio, alisema Dereva. Mama Birika, wewe ndiye unamuua. Kutwa nzima unakoroga. Kijiko kinagonga kikombe, kling, kling, mwili wake unasikia, unasema sukari hiyo inakuja, unajiandaa. Isipokuja unaitengeneza wenyewe.

— Nikoroge na nini, na kidole?

— Koroga polepole. Kwani nesi hakusema polepole?

Kinyozi alicheka asijue kama anataka kucheka. Ndiyo sababu alikipenda kijiwe hiki: ukifika na mzigo, wanakutua, wanaupiga kama mpira. Lakini safari hii mzigo ulirudi ukampiga kifuani, maana adhuhuri ilikuwa inakaribia, na alijua baada ya adhuhuri kuna nini.

— Kioo, alisema Redio kwa sauti ya chini, kama anayetoa siri. Kioo chake kinatazamana, kupitia dirisha, na rafu ya keki ya dukani. Ananyoa mtu, anaona keki. Ananyoa mwingine, anaona keki. Macho ndiyo yanayokula! Na ndiyo maana anaumwa macho, haumwi goti.

Hapo hata Dereva alikigeukia kioo, kwa sababu jambo lilikaribia kuwa na maana.

— Tufunike kioo, alisema.

— Kinyozi bila kioo? aliuliza Mama Birika. Si bora umnyoe mtu kwa kumbukumbu!

— Jamani! Maabara alisimama. Hakuwa mtu wa kusimama. Jamani, mnazunguka pua na kisigino kwa kunionea huruma. Semeni tu kwamba mnaona ulimi wangu umekosea. Semeni! Mimi nimeonja biskuti mpaka meneja ananiamkia. Nipeni mkate. Mweupe, huohuo uliokatazwa. Nitauonja hapa mbele yenu, tena si kwa kuramba, nitautafuna sawasawa, na nikiuona utamu, nitausema.

Mkate ukaletwa kutoka dukani, ukiwa bado una joto. Maabara alikata kipande, akakinusa, akakitia kinywani, akafumba macho.

— Chumvi ipo, alisema. Hamira ipo. Mafuta, kidogo. Sukari hakuna.

— Umeze basi, alisema Dereva.

— Nimesema nitautafuna sawasawa.

Akatafuna. Katika kiwanda walikuwa wakionja haraka wakatema, kwa sababu biskuti zilikuwa nyingi na kinywa ni kimoja. Hakuna mtu aliyewahi kumpa Maabara nafasi ya kutulia na mkate mkavu bila kuumeza. Akatafuna upande huu, akahamishia upande ule. Redio alianza hadithi nyingine akaimaliza. Maabara bado anatafuna, na mkate umeshakuwa uji kinywani, na yeye hamezi.

Taya likapunguza mwendo. Jicho moja likafunguka.

— Vipi? aliuliza Mama Birika.

Maabara alitikisa kichwa kwamba wangoje. Akatafuna tena kidogo, kwa woga. Hatimaye akameza, akakaa, akaweka mikono magotini.

— Tamu, alisema.

— Nini?

— Imekuja tamu. Si sana. Lakini ni ileile, naijua. Mwanzo haikuwepo, sasa imekuja. Imetoka ndani ya mkate wenyewe.

— Unatania.

— Ningetania juu ya hili mimi?

Mkate ukagawanywa. Mama Birika alichukua kipande, Dereva kipande, Redio vipande viwili kwa ajili ya uhakika. Kinyozi naye akachukua kidogo mno, kiasi cha kujua. Wote wakafumba macho wakatafuna, wazee wazima kwa mama mtu mzima, mkate ukizunguka vinywani mwao. Kinyozi aliusikia utamu ukija polepole kutoka mbali, nao ulipofika akaelewa maneno ya nesi yote kwa mpigo mmoja. Mikono ilikuwa inaachana. Haikungoja hata tumbo. Alifikiria mikate yote aliyokula kwenye benchi hili, milima ya wali mchana, viazi, na juu yake kikombe cha kahawa chungu alichokuwa akikinywa kwa kujisifu. Majuto yalimshika juu ya lile chungwa alilonyimwa.

Hivyo ndivyo mke wake alivyowakuta. Alikuwa amebeba hotipoti ya chakula cha mchana, mtandio umefungwa kiunoni, akasimama mbele ya watu watano waliofumba macho, wanatafuna.

— Kuna nini hapa? Mnaomba dua au mmeumwa meno?

Wakafumbua. Wakameza.

— Shemeji, karibu, alisema Dereva. Tunafanya uchunguzi.

— Wa nini?

— Sukari ya huyu bwana. Tumeikamata. Ilikuwa ndani ya mkate.

Mke aliweka hotipoti juu ya benchi, akaifungua kwa kuwa ndiyo saa yake. Mvuke ukatoka. Wali ulikuwa mweupe, umejaa mpaka ukingoni, na viazi viwili vimekaa juu yake kwa raha zao.

— Kitu hicho! alipiga kelele Redio. Funika! Funika, shemeji!

— Nifunike kwa nini? Nimetoka kuupika sasa hivi.

— Ni sukari tupu hiyo. Imeshikana mikono.

— Wewe Redio, umelala vizuri jana?

Kila mtu akaanza kusema. Dereva alisema wali usiguswe tena maisha. Redio akaongeza mkate, viazi, mahindi na kila kitu kilichoota ardhini. Maabara, ambaye sasa alikuwa haaminiki hata kwake mwenyewe, alisema mtu asile kitu chochote kinachoweza kutafunwa. Mama Birika akapendekeza mayai. Dereva akasema mayai kutwa nzima yataziba injini. Redio akasema basi majani. Ikaulizwa majani gani, akasema mahali alisikia kwamba majani yoyote.

— Nesi hakusema hivyo, alisema Kinyozi. Hakunikataza wanga wote. Alisema nipunguze, nichague ya polepole. Maharage, dengu, nafaka isiyokobolewa. Mboga ziwe nyingi.

Mke wake alimgeukia. Alikuwa na uso wa mtu wa jikoni aliyeambiwa kitu cha jikoni.

— Nipunguze kiasi gani? Kikombe? Nusu kikombe?

— Sijui.

— Maharage nimchanganyie na wali, au wali utoke kabisa?

— Sikumbuki.

— Viazi vikipoa ni vilevile au ni tofauti na vya moto? Mkate wa kahawia unafaa, au umepakwa rangi tu?

Kinyozi alimtazama Redio. Redio alilitazama tofali.

— Sasa leo mchana huu, hapa nilipo na hotipoti yangu, huyu anakula nini?

Walikuwa wamekwisha kukataza chakula chote cha duniani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwasha jiko, isipokuwa Mama Birika, ambaye alikuwa akichungulia ndani ya birika lake kana kwamba jibu limezama humo.

— Shemeji, usimlaumu, alisema Dereva kwa nia njema kabisa. Kichwa chake hakikuwepo kule. Mtu akishaambiwa habari za macho, atakumbuka vipi maharage?

— Macho gani?

Dereva alikanyaga breki, lakini gari lilikuwa limeshapita.

— Macho gani? Mke hakumuuliza Dereva tena. Alikuwa akimuuliza mume wake. Ndiyo maana siku hizi hushiki wembe jioni? Mimi nilidhani wateja wa wembe wamepungua. Nimekuwa nikikuongezea wali ili upate nguvu.

Kinyozi alitaka kusema wembe umepelekwa kunolewa. Neno lilifika mpaka mdomoni, likaona aibu, likarudi.

— Benchi zima linajua, alisema mke wake. Alisema bila kupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. Mwenye duka la mikate anajua. Mimi ninayekupikia nimeambiwa tu kwamba umeacha sukari kwenye kahawa. Sasa nakuuliza jambo dogo. Kliniki ulikwenda mara ya kwanza na Redio. Leo umekwenda na Redio. Redio anapika nini kwako? Kwa nini hukwenda na mimi?

Redio alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane, hakuwa amesikia chochote mahali popote. Maabara alikusanya makombo ya mkate kiganjani. Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe. Lilitoa tone moja, likaishia hapo.

Kinyozi alikuwa na jibu, ila halikuwa jibu la kusemwa kijiweni. Kumwambia Redio kwamba macho yanaingia giza kulikuwa ni mazungumzo. Kumwambia mke wake kungekuwa ni ukweli. Alimtazama, akauona uso wake wote, kila mstari, kwa kuwa alikuwa bado hajala chakula cha mchana, na akatamani aendelee kuuona hivyo mpaka azeeke nao.

Akaingia ndani. Wakasikia droo ikifungwa, dirisha likifungwa. Alipotoka alikuwa hana taulo. Akampa Dereva funguo.

— Mteja akija, mwambie nimekwenda kliniki na mke wangu. Nesi yupo mpaka jioni.

— Ngoja nivae viatu, alisema Redio akiinuka.

— Unakwenda wapi? aliuliza Mama Birika.

— Si kliniki?

— Kaa.

Redio akakaa.

Mke alifunika hotipoti, akaifunga vizuri, akaipachika kwapani.

— Iache hapa, alisema Kinyozi. Hawa wataula.

— Hauliwi. Nakwenda nao hivihivi, na viazi vyake juu. Nitaufungua mezani kwa nesi, anioneshe kwa kijiko nipunguze mpaka wapi. Haya, tangulia.

— Twende sambamba, alisema Kinyozi, akamshika mkono kuvuka barabara, ingawa mchana ule alikuwa akiona vizuri kabisa.